Jinsi Godoro la Bibi Mkunga Lilivyopandishwa Ghorofani

Sogeeni, enyi mliokaa na enyi mliosimama, enyi mnaochambua mchele na enyi mnaosubiri maji yachemke; zimeni redio, wabembelezeni watoto wanyamaze, kwa maana habari inayokuja si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Wako waliosifiwa kwa kuteka miji, na wako waliosifiwa kwa kuwaua simba, na sifa zao zimejaa vitabuni hata nafasi ya wengine hakuna. Lakini ni nani aliyewahi kuketi akasimulia jinsi wanawake wa Mkono Mtoaji, waliovaa sare za zambarau na viatu visivyofaa kwa vita, walivyopambana na godoro la sponji kwenye kona ya ngazi, mchana kweupe, bila jeshi la akiba wala mahali pa kukimbilia? Hakuna. Basi na isimuliwe leo.

Aliyekuwa mstari wa mbele siku ile ni Mama Kitana, msusi, mwenye saluni iliyo mkabala na duka la dawa. Mwanamke mwenye kiwiko cha chuma na subira ya jiwe la kusagia, ambaye nywele korofi zilizowashinda mafundi wa mitaa yote zilifika mbele yake zikasalimu amri, zikalala kama kondoo waliokwisha kula. Hakuwa mkubwa katika kundi. Mkubwa alikuwa Mwenyekiti, muuza mapazia, mama wa kifua kipana na sauti iliyoweza kumwita mteja kutoka ng'ambo ya barabara na kumrudisha yule aliyekwisha panda basi.

Na kundi lenyewe, Mkono Mtoaji, lilikuwa na historia ya ushindi mwingi. Lilikwisha kupeleka sabuni katika wodi ya wazazi, likapigwa picha. Lilikwisha kugawa madaftari kwa watoto wa shule, likapigwa picha. Lilikwisha kumtembelea fundi bomba aliyevunjika mguu, likamwimbia, likamhutubia na kumpiga picha, naye akapona haraka kuliko daktari alivyotarajia, wengine wakasema ni baraka, wengine wakasema aliogopa wasije tena. Popote walipokwenda lilitangulia bango lao, kitambaa kirefu cha turubai chenye maandishi ya dhahabu, lililobebwa kwa heshima kama bendera ya dola.

Nyumba moja tu katika mtaa mzima ilikuwa imewashinda, nayo ilikuwa ya Bibi Mkunga.

Huyu alikuwa mkunga mstaafu, mwembamba kama uzi wa kushonea, aliyepokea kwa mikono yake nusu ya watu waliokuwa wakipita barabarani na kusukumana bila kujuana. Mwaka uliotangulia, Mkono Mtoaji walimpandia ghorofani na mfuko wa unga, bango mbele, Mwenyekiti akitoa hotuba juu ya kuwakumbuka wazee wetu wasiojiweza. Bibi Mkunga aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga kanga kiunoni, akaukanda ule unga wote, akawachomea mikate, akawalisha wakashiba hata wakashindwa kuinuka, na iliyobaki akawafungia kwenye karatasi wakawapelekee wajukuu. "Asanteni kwa kunitembelea," akasema mlangoni. "Mkipata tena njaa, msione haya." Wakashuka ngazi kimya kama jeshi lililopigwa, wakinuka mkate.

Ikawa asubuhi moja Bibi Mkunga alikwenda saluni kuoshwa na kusukwa nywele zake nyeupe. Mama Kitana alipomlaza kichwa kwenye beseni, bibi akaguna.

"Vipi, Bibi, maji yamezidi moto?"

"Maji hayana kosa. Ni mgongo."

"Umebeba nini tena?"

"Sijabeba. Nimelala."

Mama Kitana alidhani ni mzaha. "Kulala tu?"

"Mwanangu, lile godoro langu limebaki jina. Nikijinyoosha, kila ubao wa kitanda naujua kwa ubavu wangu. Siku hizi nakaa tu kitini mpaka kukuche." Kisha, kama mtu aliyegundua kuwa mfuko wake umetoboka, akafumbua macho yaliyojaa povu. "Na hayo yaishie humu humu kwenye sabuni. Nisije nikawaona wenzako mlangoni na bango lenu."

"Yataishia humu, Bibi," akasema Mama Kitana.

Hayakuishia. Siku nzima msusi yule shujaa alisuka kombo. Mteja mmoja alijitazama kwenye kioo akauliza kama huo ni mtindo mpya. Mikono ilikuwa kwenye vichwa vya watu lakini moyo ulikuwa kwenye kiti kile, akimwona mama wa watu amekaa wima gizani kama abiria anayesubiri gari lisilokuja. Na yeye mwenyewe, Mama Kitana, aliingia duniani kupitia mikono ile, na wanawe wote vilevile. Aliahidi kunyamaza, naam. Lakini kuna ahadi ambazo mtu akizitunza anaoza nazo tumboni.

Basi baraza la vita likakutana katika duka la mapazia, katikati ya vitambaa vilivyoning'inia kila upande kama hema za wafalme. Godoro likachangiwa na kununuliwa bila ubishi, kwa maana wanawake wa Mkono Mtoaji walikuwa na makeke mengi lakini hawakuwa na roho mbaya. Ubishi ulikuja kwenye bango.

Mwenyekiti alisimama, akaweka mkono kifuani, akanena: "Wenzangu, wake kwa mabinti! Mkono ukitoa gizani, nani atajua kama ulikuwa unatoa au unachukua? Bila bango sisi ni nani? Ni wanawake tu wanaobeba godoro barabarani. Watu watasema tunahama. Watasema tumefukuzwa na waume zetu!"

Makofi yakapigwa. Mama Kitana akainuka, hana mkono kifuani, akasema, "Mwenyekiti, dada yangu, maneno yako ni mazito na hapa hakuna wa kuyapinga. Ila yule bibi akiliona lile bango, godoro tutarudi nalo, na mikate tutakula."

Kumbukumbu ya mikate ile ilipita juu ya baraza kama wingu.

"Tutampelekea akiwa sokoni," akaendelea Mama Kitana. "Tuingie, tutandike, tutoke. Akirudi alikute limelala kitandani kama lililozaliwa pale. Hatakuwa na mtu wa kumrudishia."

Wakavutana, wakasuluhishwa na Mwalimu wa chekechea, mwanachama mpole aliyezoea kuwaamua wagomvi wenye umri wa miaka minne: bango litakwenda, ila litakunjwa na kukaa mkobani mwa Mwenyekiti, wala halitatolewa mpaka bibi amekwisha kushukuru. Mwenyekiti alikubali kwa uso wa mfalme aliyetakiwa avue taji aingie bafuni.

Siku ya soko ikawadia. Walitoka na godoro juu ya mkokoteni wa kukodi, jipya, nene kama ukuta wa benki, limevikwa plastiki iliyomeremeta juani hata wapita njia wakafinya macho. Pale chini ya jengo aliketi fundi viatu, mlinzi asiyelipwa wa mlango ule, ambaye Bibi Mkunga humwachia ufunguo kila aendapo sokoni. Mama Kitana akamweleza jambo lao kwa sauti ya chini. Fundi akautoa ufunguo mfukoni bila kumtazama mtu.

"Mimi sijaona mtu," akasema, misumari ikiwa bado mdomoni. "Umepita upepo." Akainua jicho moja kwa Mwenyekiti, akaongeza, "Upepo wenye afya."

Na hapo vita vikaanza.

Enyi mnaokaa nyumba za chini, hamwezi kuzijua ngazi zile! Zilikuwa nyembamba na zenye hila, zimejengwa na mtu ambaye bila shaka alipanga kuingiza samani zake kwa dirishani. Ghorofa ya kwanza waliiteka kwa wimbo, Mwalimu akiwaimbisha ule anaowaimbia watoto wakipanga mstari. Ya pili waliiteka bila wimbo, kwa maana pumzi ilihitajika kwingine. Lakini walipofika kwenye kona inayopanda kwenda ghorofa ya juu kabisa, pale ukuta unapojikunja na reli ya chuma inapotoa kiwiko, godoro likaingia nusu, likajipinda, likatuna, likakataa. Mwenyekiti na wenzake wawili walikuwa juu, wakivuta. Mama Kitana na Mwalimu walikuwa chini, wakisukuma. Katikati lilisimama godoro, limeziba anga yote kutoka ukuta hadi reli, hata wa juu hawakuwaona wa chini, na majeshi mawili ya upande mmoja yakatenganishwa kama ndugu waliogawanywa na mto uliofurika.

"Vuteni!" akalia Mama Kitana.

"Tunavuta! Sukumeni ninyi!"

"Tunasukuma!"

"Mnasukuma wapi? Mmenisukumia kwenye ukuta!"

Mama Kitana akaliwekea bega, lile bega ambalo halijawahi kushindwa. Godoro likabonyea kwa adabu, kisha likamrudisha alikotoka, kama mwenyeji mpole asiyetaka mgeni. Akalipiga kwa goti. Likabonyea, likamrudisha. Jasho likamshuka hata kilemba kikaachia, na katika saa ile, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ususi, akakutana na kitu laini kilichomshinda.

Ni wakati huo aliposikia hatua nyuma yake, za polepole, zenye kupumzika kila ngazi. Mwalimu wa chekechea akageuka, akaziba mdomo kwa kiganja.

Bibi Mkunga alikuwa amesimama chini yao na kikapu cha mchicha mkononi, akilitazama lile godoro kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuona mengi yakitokea mahali pembamba.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hakuna, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona mmesimama kimsiba? Na hili la nani?"

Ulimi wa Mama Kitana, uliowazoea wateja wote na mashemeji wote, ukageuka ubao. "La... la jirani."

"Jirani yupi?"

"Wa juu."

"Juu yangu mimi kuna paa, na juu ya paa kuna njiwa. Njiwa wameanza lini kulalia sponji?"

Na kabla msusi hajapata jibu, kutoka ng'ambo ya godoro ikashuka ile sauti ya kumrudisha mteja aliyekwisha panda basi: "Mama Kitana, sukuma basi! Bibi akirudi atatukuta hapa, na leo mikate yake sina tumbo la kuiweka!"

Plastiki ya godoro ikaacha kulia.

"Mwambie," akasema Bibi Mkunga taratibu, "leo sijanunua unga." Kisha akaweka kikapu chini na uso wake ukafungwa kama duka. "Nilikwambia yaishie kwenye sabuni."

"Uliniambia, Bibi."

"Lishusheni. Mpelekeeni asiyejiweza."

Mwalimu akaanza kulia kidogo. Mama Kitana yeye hakulia. Alijisikia amechoka, na ameaibika, na juu ya hayo amekasirika, hasira ile anayoipata mtu kwa mzazi tu. Akakaa pale pale kwenye ngazi, kilemba begani, akamtazama yule mama mwembamba usoni.

"Bibi, siku niliyozaliwa, nilikuja vipi?"

"Maswali gani hayo ngazini?"

"Nijibu tu."

"Ulikuja umetanguliza makalio. Na ukaidi wenyewe hujauacha."

"Uliniuliza kama nataka kusaidiwa?"

"Hukuwa na mdomo wa kujibu."

"Mama alikuwa nao. Alisemaje?"

Bibi Mkunga akaliweka sawa fundo la kanga yake ambalo lilikuwa sawa tangu mwanzo. "Alinifukuza," akasema hatimaye. "Mama yako alikuwa na kiburi, Mungu amrehemu. Alisema ameshazaa wawili peke yake, na huyu ataweza. Alinirushia sahani."

"Ukaondoka?"

"Ningeondoka ungekuwa unanisumbua hapa?"

Maneno yalimtoka kwa kasi, kisha yakamrudia mwenyewe, na Mama Kitana aliyaona yakimrudia, yakipita machoni na kushuka shingoni. Msusi hakuongeza neno. Anajua wapi pa kuacha kuvuta. Ukivuta zaidi, nywele inakatika. Juu huko Mwenyekiti naye alikuwa kimya, jambo ambalo mtaa ule haukuwa umelishuhudia.

Bibi Mkunga alilitazama godoro muda mrefu. Akapanda ngazi moja, akalibonyeza kwa vidole viwili ubavuni, akatega kichwa, akalibonyeza tena chini zaidi. Kitu kikabadilika mgongoni mwake, ukanyooka.

"Kwanza limekaa vibaya," akasema. "Nalo limetanguliza makalio. Mngesukuma mpaka kesho. Nani yuko juu?"

"Ni mimi, Bibi. Mwenyekiti."

"Acha kusukuma."

"Sisukumi, Bibi, navuta."

"Basi acha kuvuta. Pumua."

"Eh?"

"Pumua, mwanamke! Puani ndani, mdomoni nje. Na wenzako hao. Hakuna kinachotoka kwa kelele."

Zikasikika pumzi, juu na chini. Na Bibi Mkunga, aliyekuja pale akiegemea reli, akapandisha mikono ya blauzi hadi kwenye viwiko, kama alivyofanya katika mamia ya vyumba. "Tulirudishe nyuma kidogo. Usiogope kurudi nyuma, kurudi nyuma ndiyo nusu ya kazi. Mwalimu, futa machozi, shika pembe hii. Sasa tuligeuze. Liinamishe bega moja. Hivyo. Nahitaji kitambaa kirefu, chenye nguvu, cha kulifunga kiuno lisitanuke. Nani anacho?"

Chini walitazamana. Juu kulisikika mkoba ukibanwa kwapani.

"Mwenyekiti," akaita Mama Kitana kwa upole.

"Jamani, lina maandishi ya dhahabu," ikajibu sauti, ndogo, iliyokuwa ngeni kwao wote.

"Dhahabu itafuliwa," akasema mkunga. "Lete."

Hapo, enyi wasikilizaji, ndipo alipojulikana mwanamke yule wa mapazia alikuwa nani. Kwani juu ya godoro, katika upenyo mwembamba uliobaki chini ya dari, ulitokea mkono mnene wenye bangili, na mkononi bango la Mkono Mtoaji, limekunjwa vizuri, likashikiliwa kidogo, likaachiliwa. Wakalizungusha kiunoni mwa adui. Bibi Mkunga akalikaza fundo mwenyewe, goti likiwa ubavuni mwa godoro, na herufi za dhahabu zikakunjamana, neno *Mtoaji* likabaki *Mto*.

"Sasa tusubiri."

"Tunasubiri nini, Bibi?" akauliza Mwalimu.

"Litulie." Kiganja chake kilikuwa juu ya plastiki. Akafumba macho. "Bado... bado... Haya, wote pamoja, wa juu vuteni, wa chini inueni msisukume. Sasa! Sasa! Linakuja! Usiache, Mama Kitana! Linakuja!"

Mama Kitana akainua kwa kiwiko cha chuma, na magoti, na hasira iliyobaki, na mapenzi yote aliyokuwa nayo. Reli ikalia. Chokaa ikadondoka. Godoro likajikunja, likapitisha bega, likapitisha la pili, kisha lote kwa mpigo mmoja likachomoka kwenye kona kwa mshindo uliowatoa njiwa juu ya paa, likamwangukia Mwenyekiti na kumfunika kabisa.

"Salama huko juu?" akauliza mkunga.

"Salama," sauti ikajibu kutoka chini ya sponji.

"Wote wawili?"

"Wote wawili, Bibi."

Wakashangilia hata fundi viatu akaacha kupiga nyundo. Bibi Mkunga alipangusa mikono kwenye kanga. "Sikilizeni vizuri, nisije nikasikia mengine sokoni," akasema. "Mimi sijapokea msaada. Nimezalisha. Na mkunga haachi alichokizalisha ngazini." Akachukua kikapu chake, akawapita wote, akaenda kufungua mlango, akakumbuka hana ufunguo, akanyoosha kiganja nyuma bila kugeuka, na Mama Kitana akauweka humo.

Chumba kilikuwa safi kupita vyumba vyao wote. Kitanda kilitandikwa shuka lililopigwa pasi, na juu yake lile godoro la zamani lilionekana kama chapati chini ya kitambaa. Kando ya dirisha kulikuwa na kiti cha mbao chenye mto mmoja mgongoni na kanga iliyokunjwa ya kufunikia magoti. Mwenyekiti alikitazama kile kiti. Akawa amefungua mdomo, kwa maana hotuba alikuwa nayo, aliifanyia mazoezi mbele ya kioo cha dukani. Wote walimwona akiitafuta, wakaiona ikipanda hadi kooni na kufia humo kishujaa. Akainama, akaanza kufungua fundo la bango kwa meno.

Walitoa la zamani, wakaweka jipya, wakatandika. Bibi Mkunga alisimama pembeni akiwakosoa kona za shuka.

"Nalijaribu kidogo tu," akasema, "nisije nikawa nimezalisha kitu chenye kasoro." Akajilaza juu juu, viatu vikiwa nje ya kitanda, kama mtu anayekaa kwenye kiti cha wageni. "Laini mno. Nitazoea vibaya. Mama Kitana, ule mchicha usikae juani. Na msidhani nitavaa hiyo sare yenu ya zambarau, hainipendezi, mimi nikija kwenye mikutano nitakuja na..."

Walisubiri kusikia atakuja na nini. Hawakusikia. Mdomo ulibaki wazi kidogo, mkono mmoja ukateleza ukalala kiganja juu, na kutoka katika kifua kile chembamba ukaanza mkoromo, wa chini, wa haki, usio na haraka.

Hakuna aliyesogea. Kisha Mwenyekiti, mwenye sauti ya kuvuka barabara, akainama akamvua bibi viatu, kimoja kimoja, akasema kwa mnong'ono uliomgharimu kuliko hotuba zote alizowahi kutoa: "Twendeni. Polepole."

Wakavua vyao pia, wakashuka zile ngazi pekupeku, wakilibeba lile godoro la zamani ambalo lilipita kwenye kona bila kusumbua mtu. Mama Kitana alibaki nyuma. Aliutoa mchicha juani, akauchambua, akaukata, akauosha, akisikiliza mkoromo kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo. Na ulipopungua alisimama na kisu hewani, na uliporudi akaendelea, mpaka mchicha ukaiva.

Basi iingie katika kumbukumbu za dunia, pamoja na miji iliyotekwa na simba waliouawa: kwamba mchana ule, wakati mabasi yakipiga honi na wanunuzi wakigombana na wauzaji, na nusu ya mtaa ikipita chini ya dirisha bila kujua ni mikono ya nani iliyowatoa gizani, Bibi Mkunga alilala amejinyoosha. Alilala mpaka mchicha ukapoa. Na mshindi wa vita vile, Mama Kitana, aliufunika kwa sahani, akatoka kwa ncha za vidole, akauvuta mlango nyuma yake kwa upole hata kitasa kisijue kimefungwa.